Bomba Lililozikwa Nalo Lahitaji Kutunzwa



Mvua za kwanza za Desemba zinapoiangukia ardhi kavu ya Dodoma, si ajabu kuona chemba ya majitaka imefurika mtaani. Uchafu wa nyumba za juu huteremka hadi vizingitini mwa nyumba za bondeni. Mama auzaye nyanya huhamisha meza yake. Siku ya pili au ya tatu mafundi hufika, wakazibua, wakaondoka. Baada ya majuma machache chemba ileile hufurika tena. Tumezoea kuliita jambo hili bahati mbaya. Sisi twaliona kuwa suala la haki.

Bomba la majitaka, kwa sehemu kubwa, halisukumwi na mashine, bali hutegemea mteremko na wingi wa maji yapitayo ndani yake. Katika nyanda zetu za kati, ambako mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida na maji ya mgao si jambo geni, majitaka huwa machache na mazito. Mchanga tunaosugulia sufuria, mafuta ya kukaangia, matambara na mifuko hutuama humo kiangazi chote. Uchafu uliotuama pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda hadi sehemu ya juu ya bomba, na huko vijidudu huigeuza kuwa asidi inayokula zege kidogo kidogo, kutoka ndani, bila mpita njia kujua lolote. Gesi hiyohiyo imeua mafundi katika nchi nyingi, walioteremshwa chembani bila kupimiwa hewa wala kufungwa kamba. Kwa hiyo bomba linalopasuka leo lilianza kuugua miaka mingi iliyopita.

Tiba yake inajulikana, wala si ya ajabu. Kwanza ni daftari: kila bomba lipo wapi, lilizikwa mwaka gani, lina kipenyo gani, limeziba mara ngapi na kwa sababu gani. Kisha ni kuchagua, kwa maana si kila bomba lapaswa kuoshwa kila mwezi. Lile linalopita karibu na soko, shule au kisima, ambalo likipasuka litadhuru wengi, hutangulizwa. Lile lenye historia ya kuziba huoshwa kabla ya mvua, si baada yake. Kamera ndogo hupitishwa ndani kutazama nyufa. Mifuniko ya chemba iliyoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu hurudishwa upesi. Na kila mwaka fedha hutengwa kwa ajili ya kubadilisha mabomba yaliyochakaa, kama mkulima anavyotenga mbegu hata katika mwaka wa njaa.

Daftari hilo lina uzito wa pekee katika mji wetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi. Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikahamia halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Taasisi huja na kuondoka, lakini mabomba hubaki palepale yalipozikwa, na asiyerithishwa kumbukumbu zake huyatafuta kwa sururu. Nao watu hawakungoja. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wao hutumia makaro na vyoo vya shimo, wala hawajaunganishwa na mtandao wa majitaka. Ni haki kuwapelekea huduma hiyo. Lakini kila nyumba mpya inayounganishwa huongeza mzigo kwa mabomba ya zamani yaliyo mbele yake, nayo hayana msemaji.

Hapa ndipo penye kishawishi. Mradi mpya una jiwe la msingi, utepe na hotuba. Sisi makasisi tumebariki majengo, magari na visima. Hatujawahi kualikwa kubariki bomba lililooshwa. Fedha ya matengenezo ndiyo hupunguzwa kwanza, kwa kuwa mwaka huo hakuna atakayelia. Kilio huja baadaye, na humtoka mwingine: mpangaji wa chumba kimoja bondeni, mtoto anayeharisha, mwenye genge aliyekosa wateja. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, nasi hatukusalimika. Umoja wa Mataifa ulitambua mwaka 2010 kwamba maji na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Haki hiyo haitimizwi siku ya uzinduzi tu.

Lakini hatuwezi kuinyoshea kidole mamlaka ya maji peke yake. Ankara zisizolipwa, zikiwamo za taasisi kubwa, ndizo fedha za kuoshea mabomba. Nasi wenyewe tuna la kuungama: katika parokia moja tuliyoihudumia, mfereji wa paa la ukumbi ulikuwa umeelekezwa kwenye chemba ya majitaka. Kila mvua kubwa tulikuwa tukiwafurikia majirani zetu, kisha tukalalamika pamoja nao.

EWURA huchapisha kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji, na bei zinapoombwa kupandishwa huitishwa mkutano wa taftishi, ulio wazi kwa kila mwananchi. Aghalabu tukifika huko twapinga bei tu. Tungeshauri kila parokia itume walei wawili wenye maswali haya: je, daftari la mabomba lipo? Ni kilometa ngapi zilizooshwa mwaka uliopita kabla hazijaziba? Katika nyongeza inayoombwa, shilingi ngapi ni za matengenezo ya kinga? Kabla ya kwenda huko, wapande kwanza juu ya paa la kanisa lao, watazame mfereji unamwaga wapi. Wetu uliikatwa kwa nusu siku. Sasa hujaza tangi la kumwagilia miti.