Shilingi ya babu si ya kuuzwa kwa uzito

Kijana mwenzangu wa Moi's Bridge, kama nyanyako ana mkebe wa sarafu kuukuu, keti naye kwanza kabla hujatafuta mnunuzi. Mtandaoni kumejaa picha za pesa za mkoloni na ahadi za mamilioni. Maoni yangu ni haya: ahadi hizo ni hewa, lakini mkebe wenyewe ni mali.

Hebu tupige hesabu. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima, ilianza mwaka wa 1921 baada ya rupia na florini. Hadi ile ya 1946, ilikuwa na uzito wa gramu 7.8 hivi, na robo yake tu ndiyo madini ya fedha. Hiyo haifiki hata gramu mbili! Kuanzia ile ya 1948, fedha haimo kabisa. Ni shaba na nikeli. Nayo ndururu yenye tundu haikuwahi kuwa ya fedha. Kwa hivyo, ukiambiwa utume ada ya usajili kwa M-Pesa ndipo ulipwe mamilioni, jua unachezwa shere.

Sasa tazama Uingereza. Peni ya fedha ya karne ya 13 ilikuwa na uzito wa gramu moja na nusu hivi. Fedha iliyomo ni kidogo kuliko ya shilingi ya babu yako. Mbona basi wakusanyaji wanaienzi? Kwa sababu ina historia inayojulikana. Nyingi za miaka ya mwanzo ya karne hiyo zina jina la fundi na la mji zilikotengenezwa. Na kwa sheria ya 1996, anayefukua rundo la sarafu kama hizo huko lazima apige ripoti ndani ya siku 14, ili ijulikane zilitoka wapi.

Zetu je? Mji huu ulipokuwa ukiitwa Hoey's Bridge, kutokana na mlowezi Arthur Cecil Hoey, wazee wetu walilima mahindi ya wazungu na kulipwa kwa sarafu hizi. Shilingi moja inaweza kuwa mshahara, kodi ya kibanda au salio la mahari. Anayejua ni nyanya. Akituacha kabla hajaulizwa, tutabaki na kipande cha chuma tu.

Basi usizisugue kwa jivu wala ndimu. Kung'arisha hushusha thamani. Kila sarafu iandikie karatasi: mwaka, mwenyewe, na aliipataje. Ukipata iliyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, kumbuka sheria ya 2006 inaitambua kama kitu cha kale, na haitoki nchini bila kibali. Baada ya hapo, ukitaka kuuza, uza ukijua unachouza.

Makumbusho ya Kitale yalianza na vitu alivyokusanya mlowezi Stoneham, wakiwemo wadudu. Ikiwa vipepeo vya kwetu vilipata wa kuviandika na kuvitunza, kweli jasho la babu zetu likose?