Afisa wa Navy husoma akiwa kazini. Na fundi wa Kitengela je?

Ukisikia mtu anasomea shahada ya uzamili, unamwona vipi? Labda begi mgongoni na salio la karo linamkaba koo. Hiyo stori naijua, ndiyo iliyonitoa chuo.

Sasa mwone afisa wa Jeshi la Wanamaji. Ametoka Mtongwe, Mombasa, na miaka yake kibao baharini. Jeshi linamtuma Chuo cha Ulinzi cha Kitaifa, pale Karen. Kwa karibu mwaka mzima, kusoma ndiyo kazi yake, na mshahara unaingia kama kawaida. Zamani shahada ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 2021 jeshi likapata chuo kikuu chake, National Defence University-Kenya.

Usidhani ni wivu. (Sawa, kidogo.) Mimi naona mpango huo una akili. Msee ambaye amepiga doria akiandika kuhusu uvuvi haramu, au mpaka wa bahari ambao mahakama ya ICJ iliamua kati yetu na Somalia Oktoba 2021, anaandika kitu alichokiona. Halafu mwalimu anamkazia: thibitisha, soma wengine wamesema nini. Miaka kazini peke yake si elimu. Kuna watu wamerudia kosa moja miaka 10.

Sasa turudi huku kwetu. Jirani yangu anachomelea mageti kando ya Namanga Road, mwaka wa 9 huu. Anapiga hesabu ya vyuma kwa kichwa na amefunza vijana wanne kazi. Juzi mkandarasi alimwitisha cheti. Hana. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Utaniambia serikali ina mpango wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Ni kweli, mamlaka ya KNQA iko na ngazi 10 za masomo, shahada ya uzamili ikiwa ya 9, na fundi anaweza kupimwa apewe cheti bila kurudi darasani. Kwa karatasi, yeye na afisa wako kwa ngazi moja, tofauti ni kidato tu.

Lakini afisa amepewa kitu ambacho fundi hana: muda uliolipiwa. Fundi akifunga kibanda akapimwe, siku hiyo nyumbani hakuna unga. Vyuo vya ufundi vya mashinani, zile vocational training centres, viko chini ya kaunti, kwa hivyo Kajiado ikitaka inaweza kutuma mpimaji mpaka kibandani, amkague fundi akichomelea geti la mteja. Si lazima fundi ndiye apande matatu kila mara.

Nilimuuliza jirani kama ataenda kupimwa. Hakuinua hata kinyago cha macho.

"Siku hiyo wewe ndiye utashika hii mashine?"