Krediti ni za mwanafunzi, si za chuo

Mwaka 2025, kisha M23 kuingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, mwana wa dada yangu alitoka mjini na mfuko moja mgongoni. Ndani ya mfuko ule kulikuwa nguo mbili, telefone, na karatasi mbili zenye muhuri: releve ya mwaka wa kwanza na releve ya mwaka wa pili wa lisansi. Krediti 60 kwa mwaka wa kwanza, krediti 60 kwa mwaka wa pili. Hata mama mwenye kuuza makala pa Birere anaweza kufanya hesabu hii: 120 juu ya 180. Ilibaki mwaka moja tu.

Kule alikofika, alienda kujiandikisha katika chuo chenye kufundisha somo lile lile, kwa jina lile lile, katika inchi hii hii. Mtu wa ofisi aliangalia karatasi zake kidogo, akazirudisha: «Mama, hii releve yako haina kazi huku. Ukitaka, unaanza na L1.» Siku ile aliniita kwa telefone. Hakulia. Aliniuliza tu: «Tonton, miaka yangu miwili iko wapi?»

Sitataja chuo kile, juu shida si ya mlango moja. Uliza katika avenue yako, pa Katindo, pa Ndosho, pa Majengo. Utapata mtoto aliyekimbia na masomo katikati. Utapata papa mwenye gradua ya zamani anayetaka kumaliza lisansi ya sasa. Utapata dada aliyesimamisha masomo juu ya uzazi. Wote wanauliza swali moja: ile niliyokwisha kusoma inahesabiwa ao haihesabiwi?

Mimi ninasema inapashwa kuhesabiwa. Na sisemi vile juu ya huruma. Ninasema juu njo maana ya mfumo tuliouchagua sisi wenyewe.

Tukumbuke kidogo. Zamani tulikuwa na gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Mwanafunzi alipita mwaka mzima ao alirudilia mwaka mzima. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilifungua mlango wa mfumo wa LMD: Lisansi, Masta, Dokta. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali ilitaka vyuo vyote viingie ndani. Leo lisansi ni miaka 3, ni semestre 6, na kila semestre ina krediti 30. Jumla 180. Masta inaongeza 120.

Watu wengi walifikiri ni kubadilisha majina tu, G1 kuitwa L1. Hapana. Kitu kikubwa cha LMD ni krediti yenyewe. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi: saa za darasani, mazoezi, na saa za kusoma peke yake nyumbani. Kwetu krediti moja inahesabiwa saa 25. Ukishafaulu kozi, krediti zake ni zako. Unaziweka akiba, na unaweza kuhama nazo. Mambo haya mawili, kuweka akiba na kuhama nayo, njo roho ya mfumo huu tangu inchi za Ulaya zilipokubaliana pa Bologna mwaka 1999. Ukitosha roho ile, unabaki na nini? Unabaki na gradua ya zamani iliyovaa nguo mpya.

Wamama wetu wanaelewa jambo hili kushinda maprofesa. Karibu kila mtaa wa Goma kuna AVEC. Kila mwanachama ana kitabu chake. Kila juma anapoleta pesa, wanamupigia muhuri ndani. Akihama, akifiwa, akikimbia, kitabu kinasema alichokwisha kuweka. Hakuna presidante wa AVEC anayeweza kumwambia: «Mama, juu unahama Kyeshero, akiba yako imekwisha.» Wakifanya vile, itakuwa makelele mtaa mzima, na wazee watawaita. Sasa, namna gani jambo ambalo ni wizi mbele ya wamama wa AVEC linageuka kuwa utaratibu mbele ya watu wenye toga?

Najua majibu ya vyuo, na mengine yana haki. Ya kwanza: kuna releve za uongo. Ni kweli, tusijifiche. Kuna watu wenye kutengeneza karatasi kama vile wengine wanavyotengeneza kadi. Lakini dawa ya karatasi ya uongo ni kuuliza chuo kilichoitoa. Barua moja ya katibu mkuu wa masomo kwa mwenzake, ao imeli moja ya ofisi, inatosha kwa kuanza. Kukatalia wote juu ya mwizi moja ni kuazibu wale waliosoma kweli.

Jibu la pili: programu hazifanani. Hii pia ni kweli. Kozi ya takwimu ya huku inaweza kuwa na krediti 4, ya kule ikawa na krediti 6. Lakini basi, kaeni chini, muweke programu mbili kando kando, museme: hizi tunakubali, hizi hatukubali, na sababu ni hii. Pahali mna mashaka, mupatie mwanafunzi mtihani. Mtu aliyesoma kweli haogopi mtihani. Sisemi chuo kimeze kila kitu bila kutafuna. Ninasema chuo hakina haki ya kutema kila kitu bila kuonja.

Jibu la tatu hawalisemi kwa sauti: pesa. Mwanafunzi anayeanza upya L1 analipa minervali ya miaka 3. Anayeingia L3 analipa ya mwaka moja. Ninaelewa kama vyuo vyetu vinaishi na pesa ya wazazi, na mishahara ya walimu inatoka pale pale. Lakini mzazi aliyekwisha kulipa miaka miwili, kisha akapoteza duka ao shamba, umwambie alipe tena somo lile lile? Kuanzia mabenki ya Goma yalipofunga milango mwaka 2025, hata kupata pesa yako mwenyewe imekuwa safari.

Tuseme pia juu ya wale wa mfumo wa zamani. Papa mwenye gradua alisoma miaka 3 kamili, akaandika kazi yake ya mwisho, akatetea. Leo lisansi mpya nayo ni miaka 3. Umwambie arudi kukaa na vijana wa L1, kufundishwa tena utangulizi wa kompta aliyoifanya kazini miaka 15? Pengine kuna vitu vinakosa: lugha, kompyuta, njia za utafiti. Sawa, avifanye hivyo. Daraja inajengwa pahali kuna mto. Pahali pakavu mtu anatembea na miguu.

Na wale waliovuka mpaka je? Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wakubwa wa jumuiya hii walikwisha kutangaza mwaka 2017, pa Dar es Salaam, kama inchi zao ni eneo moja la elimu ya juu, na kuna baraza la vyuo vikuu lenye makao Kampala kwa kazi ile. Ni vizuri. Lakini kuna mtego mdogo ambao watoto wetu wanapashwa kuujua. Tanzania na Rwanda, krediti moja ni saa 10, na mwaka mzima ni krediti 120. Kwetu mwaka mzima ni krediti 60, lakini kila moja ni saa 25. Kwa hiyo mtoto wa Goma akionyesha 120 yake pa Dar es Salaam ao Kigali, mtu wa ofisi anaweza kuona mwaka moja. Kwa kweli ni miaka miwili, ni saa 3.000 za kazi. Mwaka wa kwao, 120 mara 10, ni saa 1.200. Wa kwetu, 60 mara 25, ni saa 1.500. Basi usibishane juu ya hesabu ya krediti. Onyesha masaa.

Nini ifanyike? Ninaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalongojea mfadhili.

Kwanza, kila semestre inapoisha, mwanafunzi apewe releve yenye jina la kila kozi, krediti zake, saa zake na pointi zake. Asingojee mwisho wa mwaka, asizunguke miezi mitatu kwa aparitora. Vita haingojee delibere.

Pili, vyuo vichunge nakala za pointi mbali na majengo yao. Mji huu umekwisha kuona lava ikipita katikati yake tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ilitoka tena. Kisha masasi. Kuweka maisha ya maelfu ya vijana ndani ya kabati moja, chini ya Nyiragongo, ni kucheza.

Tatu, chuo chenye kupokea kijibu kwa maandishi, ndani ya siku zinazojulikana: krediti hizi tumekubali, hizi hapana, sababu ni hii. Jibu la mdomo mbele ya dirisha si jibu. Na mwanafunzi awe na njia ya kukata rufani.

Ine, alipe kwa kadiri ya krediti zinazobaki. Kama amebakiza 60, asilipe 180.

Tano, wizara iandike wazi daraja la wenye gradua, karatasi moja kwa inchi nzima, isiwe kila chuo na sheria yake, kila muhasibu na bei yake.

Na ninyi vijana, musikae mikono mitupu. Leo, kabla ya kulala, piga picha releve zako zote, zitume kwa imeli yako mwenyewe na kwa ndugu moja mwenye kukaa mbali. Omba kwa mwalimu plani ya kila kozi, ile inayoonyesha mambo mliyofundishwa. Njo ile itasaidia kulinganisha programu. Chunga bordero za malipo. Na mtu akikukatalia, muombe kwa heshima: «Tafadhali papa, muniandikie.» Wengi wanaanza kufikiri vizuri wakisikia neno lile.

Mwana wa dada yangu aliandika barua, akaambatanisha plani za kozi, akarudi mara nne. Mwishoni walimkubalia krediti 84 juu ya 120. Hakupata zote, na zingine zilizokataliwa nami naona zilistahili. Lakini siku alipoketi ndani ya L2 na kozi chache za kufidia, alinitumia ujumbe mfupi: «Tonton, mwaka moja nimeuokota.»

Ameuokota moja. Ule mwingine umepotea zaidi ya nusu, na hakuna mtu aliyemweleza kwa nini barua moja ibadilishe sheria iliyokuwa haibadiliki mbele ya dirisha. Kama jibu la kwanza lilikuwa haki, barua isingelibadilisha. Na kama halikuwa haki, basi ni wangapi waliorudi nyumbani bila kuandika?

Mtoto wa Kivu anapoteza nyumba, anapoteza shamba, anapoteza wenzake. Kitu moja tu hakuna mwenye silaha anayeweza kumnyanganya: ile aliyokwisha kujifunza. Isiwe aibu yetu kama anakuja kunyanganywa ile na mtu mwenye kalamu.