Daraja la Umoja na ncha zake mbili

Katika jiji la Paris, Ufaransa, kuna daraja juu ya mto Seine ambalo wageni wa dunia nzima huenda kupigia picha. Linaitwa Pont Alexandre III. Kwenye pembe zake nne zimesimama nguzo za mawe zenye kimo cha mita 17, na juu ya kila nguzo kuna farasi mwenye mbawa anayeng'aa kwa dhahabu. Ndugu zetu waliobahatika kufika Ulaya hurudi na picha hiyo, nasi huitazama na kusema, wenzetu wana madaraja.

Mimi naona wengi wetu tunatazama dhahabu na kusahau jambo kubwa zaidi. Daraja lile lilijengwa kati ya 1896 na 1900, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia, na jina lake ni la mfalme wa Urusi, kwa kuwa lilikuwa alama ya urafiki wa Ufaransa na Urusi. Lakini Mfaransa hakujenga daraja peke yake. Ng'ambo moja alikuwa na jumba la Invalides la tangu karne ya 17. Ng'ambo ya pili akajenga majumba mawili ya maonyesho, na katikati yake akapitisha barabara pana, vyote kwa ajili ya mwaka huo huo wa 1900. Hata upinde wa daraja waliulaza chini ili usimzibie mtu macho asione upande wa pili. Yaani walianza kwa kujiuliza: anayevuka anatoka wapi, na akishavuka anafika wapi?

Nasi tunalo daraja la urafiki wa nchi mbili. Daraja la Umoja linavuka Ruvuma kati ya Mtambaswala, Tanzania, na Negomano, wilaya ya Mueda, pale Lugenda unapoingia katika Ruvuma. Lina urefu wa mita 720, zaidi ya mara nne ya lile la Paris. Wazo lake lilikuwa la Mwalimu Nyerere na Samora Machel mwaka 1975, Msumbiji ilipopata uhuru. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na marais Mkapa na Guebuza, na Mei 2010 Guebuza na Kikwete wakalifungua. Miaka 35 toka wazo hadi utepe kukatwa! Nimelivuka zaidi ya mara moja. Ni zege tupu, halina hata sanamu moja, wala sidai sanamu. Ukisimama katikati na kuutazama mto na michanga yake, unaridhika kabisa.

Shida yangu ni ncha zake. Daraja lilipofunguliwa 2010, upande wetu lilitua kwenye barabara ya udongo ya zaidi ya kilomita 160 hadi Mueda, na kwa miaka mingi baadaye, masika yakianza, dereva alikuwa akiweka nadhiri kabla ya kuwasha gari. Tulikuwa na daraja la kisasa lililoning'inia kati ya pori na pori. Watu wa Mucojo, Quiterajo na pwani yote tulilisikia redioni tu. Kwetu Mtwara ni safari ya jahazi, na asiyetaka bahari huvukia kule chini, kati ya Namoto na Kilambo, ambako hakuna daraja, bali mtumbwi, au pantoni maji yakikubali.

Ncha nyingine ni meza ya forodha. Nchi za SADC zilitangaza eneo la biashara huru mwaka 2008. Mama mwenye ndoo mbili za dagaa au robota la kanga hakuiona biashara huru hiyo. Akifika mpakani hajui atatozwa nini mpaka aambiwe, na akiambiwa hana pa kuhakikisha. Mwenye lori ana wakala wa kumsemea. Huyu mama ana mdomo wake tu, na mara nyingine lugha yake haieleweki mezani.

Hata karatasi za shule hazivuki. Sisi tuliosoma uhamishoni tunalijua hilo. Nilirudi na cheti cha kidato cha nne chenye daraja la tatu, na katika ofisi moja nikaulizwa kwa utani hilo daraja la tatu liko mto gani. Nilicheka. Lakini ilinichukua miaka kupata nafasi ya kufundisha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Miaka ya 1980, vita vilipotufukuza, mto haukuwa na daraja lolote. Nilivushwa kwa mtumbwi usiku, mtoto wa miaka saba. Asubuhi tulipewa uji, na baada ya wiki chache nilikuwa nimekaa darasani karibu na Masasi, naimba jedwali la kuzidisha na watoto wa Kitanzania. Fadhila hiyo sitaisahau, na ndiyo maana nasema haya kama mtu wa nyumbani. Vita vya sasa vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na watu wengi wakakimbilia Ruvuma. Mwaka huo huo UNHCR ilieleza, kwa taarifa za wenyeji, kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 waliokuwa wakitafuta hifadhi Tanzania walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Kupitia Negomano, ndugu msomaji. Palipokuwa na mtumbwi tulipokelewa. Palipojengwa daraja lenye jina la Umoja, watoto wa ndugu zetu walirudishwa juu yake.

Najua hoja ya usalama. Sisi wa Mucojo hatuhitaji kufundishwa usalama. Tumehama, tumerudi, na Januari 2024 wapiganaji walipoingia Mucojo tukafungasha tena. Serikali ina haki ya kumkagua kila anayevuka. Lakini kukagua ni kuuliza mtu mmoja mmoja, wewe ni nani na unakimbia nini. Anayepakiza lori zima la kina mama na watoto hajakagua kitu.

Kwa hiyo wakubwa wa nchi mbili watakapokutana tena kuzungumzia mpaka, wasituletee kwanza michoro ya daraja jingine. Wabandike ubao wa ushuru kwa Kireno, Kiswahili na Kimakonde, wenye bei na saa za kazi. Waweke afisa wa kusikiliza wanaoomba hifadhi, awepo usiku na mchana, kwa sababu watu hawakimbii kwa kufuata saa za ofisi. Wakubaliane juu ya vyeti. Na pantoni ya Kilambo ipewe ratiba inayofuata maji kujaa na kupwa, ibandikwe Namoto na Mtwara sokoni, wenye samaki waione kabla barafu haijayeyuka.