Usiiondoe Sahani Yake Mezani

Mwezi huu tuzungumze juu ya machozi yale ya usiku ambayo mchana tunayafunika kwa kitenge na tabasamu. Mtoto uliyemshika mkono kumpeleka shule ya Jumapili leo hataki hata kusikia habari za kanisa. Au ni mume, au ndugu wa tumbo moja. Nakutana na akina mama wengi wanaouliza: Nimeomba miaka yote hii, niendelee hadi lini?

Mama mmoja wa Afrika alilibeba swali hilo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Ni Monika wa Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354, kijana mwenye akili nyingi. Alipokwenda Kartago kusoma aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, kisha akaiacha imani ya mama yake na kufuata dini ya Mani iliyotoka Uajemi.

Monika alichukia hata akakataa kula naye meza moja. (Usimhukumu, wangapi kati yetu tumekwisha kununiana na watoto wetu?) Kisha akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwonyesha kwamba mwanawe naye amesimama papo hapo alipo yeye. Alipoamka alimrudisha Augustino mezani. Augustino mwenyewe anayasimulia haya katika kitabu chake, Maungamo. Sasa angalia vizuri: kijana alikuwa hajatubu bado. Baada ya ndoto ile ilipita karibu miaka tisa mingine ya kupotea. Sahani ilirudi kwanza.

Monika alimwendea pia askofu mmoja, akamsihi abishane na kijana. Askofu alikataa. Yeye mwenyewe alilelewa katika dini hiyo tangu utoto, akaja kuyaona makosa yake kwa kuvisoma vitabu vyake. Alimshauri mama amwache kijana kwa sasa, amwombee tu. Mama akazidi kulia na kusihi mpaka askofu akachoka! Hapo najiona mimi na wewe, tunaotuma aya sita za Biblia kwa simu alfajiri, kabla mtoto hajanawa uso.

Katika kazi yangu ya uuguzi, kidonda kilichosafishwa na kufungwa vizuri hatukifungui kila saa kutazama kama kimepona. Ukifanya hivyo unakichubua. Wodini nimeona ndugu wakija saa ya kutazama wagonjwa, badala ya uji wakaleta hukumu: "Unaona sasa? Mungu amekupiga." Mgonjwa hugeukia ukutani. Lakini namkumbuka bibi mmoja aliyekuja kila siku na chupa ya uji, akamnawisha mwanawe miguu, akamuuliza amelalaje. Kisha akamwomba ruhusa, akasali kwa sauti ndogo, maneno machache tu. Siku ya tatu alipokuwa akifunga kikapu chake, mgonjwa akamuuliza, "Mama, leo huombi?"

Jambo jingine ni vikundi vyetu vya maombi. Tuseme kweli, wakati mwingine tunasengenya tukiwa tumefumba macho. "Tumwombee kijana wa fulani," halafu yanafuata yote: anakunywa wapi, analala kwa nani. Jina latosha. Siri za mgonjwa hazitangazwi sokoni, na Mungu analijua faili lake. Kijana akisikia habari zake zimezagaa kanisani, atarudi kwa uso gani?

Na mama anayepigwa na mume asiambiwe avumilie huku akiomba. Atoke mahali pa hatari, atafute msaada, amwombee huyo mume akiwa salama.

Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake bandarini Kartago. Alisema anamsindikiza rafiki, kumbe usiku ule, Monika akiwa anasali karibu na hapo, merikebu ilitweka tanga kwenda Roma. Mama alikuwa amemwomba Mungu amzuie asiondoke, na kulipokucha mtoto hayupo. Ungekuwa wewe si ungesema Mungu amekataa? Lakini ni kule Italia, mjini Milano, Augustino alikomsikia Askofu Ambrosi akihubiri, na wakati wa Pasaka mwaka 387 akabatizwa na Ambrosi huyo huyo. Monika, aliyekuwa amevuka bahari kumfuata, alikuwa bado hai. Alifariki mwaka huo huo huko Ostia.

Basi, Jumapili hii mpigie simu yule uliyeacha kumpigia. Usimuulize kama amekwenda kanisani. Mwambie umepika nini, na kwamba chakula chake umekifunika.