Payne alistahili haki, si sifa za uvumilivu



Napenda kutoa maoni yangu kuhusu Bibi Cecilia Payne, mtaalamu wa elimu ya nyota, ambaye watu wengi wanaijua kazi yake bila kulijua jina lake. Wale wachache wanaolijua, mara nyingi humtaja mbele ya wasichana kama mfano wa uvumilivu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Bibi Payne alizaliwa Uingereza mwaka 1900. Mwaka 1919, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alimsikia Profesa Arthur Eddington akieleza safari yake ya kisiwa cha Príncipe, Afrika Magharibi, ambako alikwenda kupima mwanga wa nyota wakati wa kupatwa kwa Jua. Tangu hapo akaamua kuifuata elimu ya nyota. Alimaliza masomo yake lakini hakupewa shahada, kwa sababu Cambridge haikuwapa wanawake shahada mpaka mwaka 1948. Mwaka 1923 akahamia Marekani, kwenye kituo cha kuchunguzia nyota cha Harvard.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba Jua limefanyika kwa vitu vilevile vilivyomo duniani, na kwa kiasi kinacholingana. Sababu yao ni kwamba mwanga wa Jua ukichambuliwa huonyesha mistari mingi sana ya chuma. Bibi Payne alitumia kanuni ya mtaalamu wa India, Meghnad Saha, iliyotolewa mwaka 1920, inayoonyesha kwamba nguvu ya mistari hiyo hutegemea pia joto, wala si wingi wa kitu peke yake. Debe tupu ndilo livumalo sana. Alipopiga hesabu upya, aliona kuwa haidrojeni imezidi metali zote kwa kiasi cha mara milioni moja. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwamo katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1925.

Tasnifu hiyo ilipelekwa kwa Profesa Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa elimu hiyo Marekani nzima. Yeye akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Bibi Payne alikuwa kijana wa miaka 24, na neno la Russell liliweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Basi akaandika katika tasnifu yake mwenyewe kwamba kiasi hicho cha haidrojeni karibu hakika si cha kweli. Mwaka 1929 Russell alifika pale pale kwa njia nyingine. Aliitaja kazi ya Bibi Payne, lakini kwa miaka mingi sifa za ugunduzi huo zilimwendea yeye.

Sasa wapo wanaosema: angalieni, alivumilia, na mwaka 1956 akawa profesa na mkuu wa idara pale Harvard. Mwaka 1976 akapewa na Chama cha Elimu ya Nyota cha Marekani tuzo yenye jina la huyo huyo Russell. Mvumilivu hula mbivu.

Napenda kuwauliza ndugu hawa: alivumilia nini? Kwa miaka mingi alifundisha bila cheo cha mwalimu. Masomo yake hayakuorodheshwa katika kitabu cha chuo mpaka mwaka 1945. Ujira wake, mdogo kama ulivyokuwa, ulitolewa katika fungu la vifaa. Yaani mtu aliyeuonyesha ulimwengu Jua limefanyika kwa kitu gani, alihesabiwa pamoja na darubini. Tangu 1925 mpaka 1956 ni miaka 31. Mbivu hizo alizipanda mwenyewe, na wengine walikwisha kuzila kabla yake.

Huenda msomaji akasema kwamba Russell alikuwa na haki ya kutia shaka. Nakubali. Hesabu kubwa namna ile ilihitaji kuthibitishwa. Lakini dawa ya shaka ni kupima, si kumfanya mwenye hesabu aikane. Na hata tukimsamehe Russell, shaka hiyo inahusu nini na mshahara? Wanafunzi walikaa darasani wakamsikiliza. Hakuna aliyehitaji darubini kuona kwamba mama huyu anafanya kazi.

Yeye mwenyewe hakutaka subira yake isifiwe. Katika maandishi yake ya uzeeni alijilaumu kwa kuukubali ukubwa wa wengine hali akiamini kwamba yuko sahihi. Aliwashauri vijana kwamba mtu mwenye uhakika wa ushahidi wake na autetee. Inakuwaje basi sisi tuwafundishe mabinti zetu kinyume cha maneno yake?

Uvumilivu ni sifa njema mbele ya ukame au maradhi. Mbele ya dhuluma inayoweza kuondolewa kwa kalamu ya mkuu wa chuo, kumsifu aliyedhulumiwa kwa kuvumilia ni kumfichia aibu aliyedhulumu.

Bibi Payne alifariki mwaka 1979. Leo inajulikana kwamba karibu robo tatu ya uzito wa Jua ni haidrojeni. Ombi langu kwa walimu na waandishi wa vitabu ni kwamba, kila wanapoliandika jambo hilo, waandike pia: Cecilia Payne, 1925. Msichana akiuliza kisa chake, aambiwe ashike ushahidi wake. Na wenye madaraka ya kutoa vyeo na mishahara waambiwe wamlipe mfanyakazi wakati anapofanya kazi, wasingoje miaka 31.

Msomaji,
Morogoro.