Mgeni Njoo, Mwenyeji Atoke

Leo nakuuliza swali la kizushi. Tangu umeanza kuishi Dar es Salaam, umeingia mara ngapi Makumbusho ya Taifa bila kuwa na mgeni wa kutoka mkoani, au shangazi aliyekuja kutibiwa Muhimbili? Usijibu haraka. Ile ya shule ya msingi, mmepanga mstari mmeshikana mikono na mwalimu ana fimbo nyuma, haihesabiwi.

Wenyeji wa jiji hili tuna tabia moja. Mgeni akija tunamtembeza Coco Beach, Feri, Kigamboni, mpaka anarudi kwao anaijua Dar kuliko sisi. Akishapanda basi tu, tunarudi kwenye ratiba yetu: kazini, foleni, nyumbani, Jumamosi kikao cha harusi, Jumapili ibada na kufua. Halafu mtu na mpenzi wake wanalalamika eti Dar hakuna pa kwenda, viwanja ni vilevile, ukitoka baa hii unaingia baa ile.

Kwangu mimi suala hili limekuwa zito kidogo tangu Baba Junior ahamie Dodoma na wizara yake. Najua hatuko peke yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini wengi tuliusikia kama hadithi ya bibi mpaka 2016 ulipoanza kutekelezwa kwa kishindo. Leo ingia ofisi yoyote ya mjini uliza nani mwenzake yuko Dodoma, uone mikono itakavyonyooka. Mmoja amebaki hapa na ajira yake na watoto, mwingine amepanga chumba na sebule Kisasa au Ilazo, anakula chipsi mayai siku tano kwa wiki. Afadhali treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024. Zamani ilikuwa siku nzima kwenye basi, sasa mtu anatoka kazini Ijumaa na usiku uleule yuko mezani anakula wali wa nazi.

Anakuja mara mbili kwa mwezi. Siku moja nilichukua kikaratasi nikapiga hesabu. Ijumaa saa 3 usiku mpaka Jumapili saa 10 jioni ni saa 43. Toa za kulala, 14. Zinabaki 29, na hapo ndipo kikao cha harusi ya binamu kinapojitokeza kudai zake nne, msiba wa jirani unadai tatu, na foleni ya Mwenge haiulizi, inachukua tu. Zilizobaki tulikuwa tunakaa sebuleni, kila mtu na simu yake, kama abiria wawili wa daladala waliokutana siti moja. Hatugombani. Ndiyo kwanza ugomvi ungekuwa mazungumzo.

Kilichotushtua ni Junior, miaka minne. Ijumaa moja mlango ulifunguliwa, yeye akasimama kwa adabu zote akasema, "Shikamoo anko." Baba yake alicheka, akamnyanyua juu. Lakini mimi ni mkewe, nilimwona macho yake.

Usiku huo tukakubaliana. Kila wikiendi anayokuja, sehemu moja ya mjini, sisi watatu, isiwe baa na isiwe sherehe ya mtu. Tunapeana zamu ya kuchagua, na aliyechagua ndiye anayelipa. Hiki kipengele cha mwisho ni cha kwangu, na nakipendekeza kwa wanandoa wote, maana kinazuia mtu kuchagua hoteli ya ufukweni kwa pochi ya mwenzake.

Tulianza kipindi cha masika, ambacho kwa Dar ni Machi mpaka Mei, mvua inanyesha kama imelipwa. Bonde la Jangwani linajaa, mwendokasi unasimama, na mtu mwenye akili anatafuta kivutio chenye paa. Ndiyo tukaenda Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert. Jengo lake la zamani lilifunguliwa mwaka 1940, na hapo ndipo nyumbani kwa Zinjanthropus, yule mzee ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai mwaka 1959. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Ana magego makubwa kuliko ya mtu yeyote unayemjua, na taya la kutafunia vitu vigumu. Baba Junior alimtazama muda mrefu akasema, "Huyu alikuwa anakula, haongei." Nikamwambia namfahamu mmoja wa hivyo anafanya kazi wizarani. Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo bila kuangalia video ya mtu kwenye simu.

Junior yeye alivutiwa na magari ya zamani ya viongozi. Kuna Rolls-Royce iliyotumika enzi za ukoloni na baadaye akaitumia Mwalimu Nyerere, na mtoto alitaka kujua ufunguo uko wapi. Wenyeji tuna bei yetu ya kiingilio, ndogo kuliko ya wageni kutoka nje, kwa hiyo usije ukaniambia ni mambo ya wazungu. Kando yake kuna bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia miche. Jumamosi mchana unaweza kukuta bibi harusi anapigwa picha huku wasimamizi wake wanalalamika viatu vinawabana. Burudani ya bure kabisa.

Mkitoka hapo mnaweza kutembea mpaka Sanamu ya Askari. Tunaipita kila siku ndani ya daladala, ila haki yake ni kusimama. Pale kwanza Wajerumani walimsimamisha mtu wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipochukua nchi wakamwondoa, akaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha mwaka 1968. Huyu askari wetu yupo tangu 1927, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi ya Kiingereza yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Dakika tano zinatosha, zaidi ya hapo utagongwa na bajaji.

Ikifika Juni, upepo wa kusi unaingia, jua linapungua ukali, na wakazi wa Dar tunaanza kuvaa masweta kama tuko Makete. Hapo msimu mkubwa unakuja wenyewe: Sabasaba. Kwa vijana wasiojua, tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 1954 ndipo TANU ilipozaliwa, lakini siku hizi neno hilo likitajwa watu wanawaza maonyesho ya biashara pale barabara ya Kilwa. Yanaanza mwishoni mwa Juni na kuvuka hiyo tarehe 7 kwa siku kadhaa.

Mimi nasema wachumba wote wapelekwe Sabasaba kabla ya kulipa mahari. Huhitaji mshauri nasaha. Pale kwenye vumbi na umati utaona kila kitu ndani ya saa tatu. Utamjua anayenunua kisu cha kukata karoti maumbo kumi na mbili kwa sababu kijana wa bandani kaongea vizuri. (Kikifika nyumbani kinakata umbo moja tu: kidole.) Utamjua anayeuliza bei kila banda na kuondoka bila kununua hata maji. Utajua nani anabeba mizigo na nani anatembea mbele mikono mitupu. Mimi na Baba Junior tulinuniana kwenye banda la Magereza, na sababu ni kitanda. Wanaume kwa wanawake mnajua samani za Magereza zilivyo imara. Mimi nilitaka kitanda cha futi sita kwa sita. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Cha nini kikubwa hivyo, si unalala peke yako?"

Haikuwa utani, na wala si kitanda tulichokuwa tunaongelea. Tulikaa chini ya mti na mahindi ya kuchoma, mtoto analala mapajani, tukazungumza yale ambayo kwenye simu huwa tunayaruka. Kama mimi niache kazi nimfuate. Kama yeye aombe uhamisho. Shule ya Junior. Mama yangu, ambaye presha yake inapanda kila nikitaja kuhama. Hatukufikia muafaka. Lakini tulizungumza hadi vipaza sauti vilipoanza kutangaza majina ya watoto waliopotea, tukambeba wetu tukaenda nyumbani. Kitanda tulinunua.

Kipindi hichohicho cha baridi panafaa sana Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kilichopo tangu miaka ya 1960. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa pale kwa udongo, miti na nyasi. Utaona msonge wa Wahaya, umeviringika kama kikapu kilichogeuzwa. Utaona na tembe, ile ya paa bapa la udongo kama wanavyojenga Wagogo. Baba Junior, ambaye sasa anajifanya mwenyeji wa Dodoma, alitoa mhadhara mrefu kuhusu kwa nini paa bapa linafaa nchi yenye mvua chache. Mwanangu alimsikiliza mdomo wazi. Nami nilisikiliza, ingawa nilijua nusu yake kaisoma kwenye kibao cha mlangoni.

Upande wa bahari siwezi kusema jipya sana. Coco Beach unaijua, mihogo ya kukaanga, pilipili, mishikaki na vumbi la mchanga. Kilichobadilika ni Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022, zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji kutoka upande wa Aga Khan. Saa 12 asubuhi kuna wanaokimbia pale, na jioni kuna wanaojifanya wanakimbia. Kutembea kwa miguu daraja zima mmeshikana mikono hakugharimu hata senti, na upepo unafanya kazi yote ya mahaba.

Ila mkitaka bahari ya bei poa kabisa, pandeni pantoni. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, wenye magari wengi wameisahau, wanapita Kurasini. Wanakosa. Nauli haifiki bei ya soda, na kwa dakika chache mnaona jiji lote kutoka majini, makanisa ya enzi za Wajerumani yakiwa yamebanwa na maghorofa. Kabla ya kupanda, piteni soko la samaki Feri mapema, muone mnada unavyopigwa. Na kwa akina baba, supu ya pweza inauzwa palepale. Sitasema zaidi, hili ni gazeti la heshima. Niseme tu kwamba mzee wangu alikunywa vikombe viwili, na mama muuzaji akaniangalia mimi, si yeye, akasema, "Pole, mwanangu."

Kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia Desemba, joto linakuwa la kumenya mtu. Hapo kimbilieni visiwani. Bongoyo mnapandia boti Slipway, Mbudya mnapandia upande wa Kunduchi. Vyote ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Chukueni maji ya kutosha, kofia, na msiahidiane kutopiga picha, hamtaweza.

Lakini ukiniuliza kivutio namba moja cha jiji hili, sikutaji jengo wala kisiwa. Nakutajia wiki ya mwisho ya Desemba. Mikrismasi imechanua nyekundu kando ya barabara, maembe dodo yamejaa kwenye mikokoteni, na ndugu zetu Wachaga wamekwenda Moshi kuhesabiwa. Wengine nao wamekwenda kwao. Jiji linabaki tupu! Kutoka Mbezi hadi Posta unafika kabla wimbo wa tatu haujaisha redioni. Mwaka jana sisi tulibaki makusudi. Tulizunguka tu bila safari maalumu, vioo chini. Baba Junior alituonyesha pale Msasani palipokuwa na sinema ya Drive-In, ambapo kizazi cha wazazi wetu kilikuwa kinaegesha magari na kutazama filamu, na sasa kuna ubalozi wa Marekani. Junior aliuliza kama anko... akajirekebisha mwenyewe, kama baba alishawahi kuiona. Tukatazamana kwenye kioo, hakuna aliyesema kitu.

Sasa nimefikia pagumu. Kikao chetu cha chini ya mti wa Sabasaba bado hakijafungwa, na mwenzangu ameanza kutumia mbinu zangu dhidi yangu. Juzi kanitumia meseji: "Safari hii zamu yangu kuchagua. Njooni nyie. Msimu wa zabibu huu, na aliyechagua analipa." Nimemjibu kwamba Dodoma si sehemu ya mjini kama tulivyokubaliana. Akajibu makao makuu ya nchi yasipokuwa mjini, mji ni upi?

Tiketi zimeshakatwa, ya kwangu na ya Junior. Mtoto ameshafungasha, begi zima ni magari ya kuchezea na sweta moja. Mama yangu nimemwambia ni za kwenda na kurudi.